Mzazi wa makamo na watoto wanaokua: mambo manne tunayoyachanganya

Piga hesabu ya kawaida. Mwanamke aliyejifungua mtoto wa kwanza akiwa na miaka 22 na kitindamimba akiwa na 36, akitimiza 50 ana kijana wa miaka 28 na mwingine wa 14. Mmoja anahangaika na kazi au ameshaoa. Mwingine yuko kidato cha pili, sauti inakwaruza na viatu havimtoshi tena. Katikati yao pengine yupo wa chuo. Mama yake mwenyewe, kama yu hai, amepita 70, yuko kijijini, na vidonge vyake vya presha huisha kila mwezi. Baba wa watoto amebakiza miaka michache astaafu. Utafiti wa afya na demografia wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mwanamke wa Tanzania huzaa kwa wastani watoto 4.8, kwa hiyo nyumba ya namna hii si ya ajabu. Ndiyo nyumba ya jirani yako.

Ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni, hata hivyo, umeandikiwa nyumba nyingine. Unazungumzia wazazi wenye mtoto mmoja au wawili, wanaofika miaka 18, wanafunga virago kwenda chuo, na kuwaacha baba na mama wakitazamana kwenye sebule tulivu. Hata wazo la kwamba mtu huingia kwenye msukosuko akifika makamo lina asili yake. Mwaka 1965 Elliott Jaques, mwanasaikolojia mzaliwa wa Kanada, aliandika kuhusu maisha ya wasanii na watunzi wakubwa wa Ulaya, akaeleza jinsi wengi wao walivyoyumba kati ya miaka 35 na 40, walipoanza kuhisi kwamba kifo kinawahusu na wao. Wazo likapendwa, likatoka kwa wasanii likavikwa kila mtu. Baadaye wanauchumi David Blanchflower na Andrew Oswald, katika utafiti wao wa mwaka 2008, walikusanya takwimu za nchi nyingi na kuonyesha kuwa kuridhika na maisha hushuka hadi katikati ya miaka ya 40, kisha hupanda tena. Lakini mwaka 2024 watafiti wakiongozwa na Michael Gurven walipoangalia jamii za vijijini za wakulima na wawindaji, hawakuukuta mchoro huo kama kanuni. Kwa wengi wa huko maisha hayarudi kupanda uzeeni, kwa sababu mwili ndio jembe, na mwili ukichoka hakuna kiinua mgongo.

Msimamo wangu ni kwamba kinachoitwa msukosuko wa makamo, hasa kwa mzazi, ni mambo kadhaa tofauti yanayobisha hodi kwa wakati mmoja. Mwili wako unabadilika. Mwili na ubongo wa mtoto wako vinabadilika. Fedha inafika kwenye kona. Na nyumba yenyewe inabadilisha wakazi. Kila jambo lina chanzo chake na dawa yake. Tunapoyachanganya tunatibu lisilougua: mama ambaye hajalala vizuri kwa miezi anaamini mwanawe ameharibika, na baba anayeogopa kustaafu anamgombeza mkewe kwa sababu ya mafuta ya kupikia.

Mwili wako kwanza

Macho ndiyo hutangulia. Lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa taratibu tangu ujanani, na mtu akipita miaka 40 haiwezi tena kubadili umbo vya kutosha ili asome kitu kilicho karibu. Simu inasogezwa mbali, mbali zaidi, mpaka mkono unaisha. Huo si ugonjwa, na hauzuiliwi kwa kula karoti. Dawa yake ni miwani ya kusomea, na bado watu wanaikwepa miaka mitano kwa kuwa wanaona itawatangaza. Kule Bangladesh watafiti waliwagawia miwani ya aina hiyo watu wa vijijini wa miaka 35 hadi 65 waliokuwa wakifanya kazi za macho na mikono, kama kushona na kuchambua nafaka, na ndani ya miezi minane kipato chao kilizidi cha wenzao wasio nayo kwa takriban theluthi moja. Fundi cherehani anayekataa miwani anapunguza ada ya mtoto wake mwenyewe.

Kwa mwanamke, jambo kubwa ni kukoma hedhi. Kwa wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55, na huhesabiwa kuwa imekoma kweli baada ya miezi 12 mfululizo bila damu. Lakini kazi yenyewe iko kwenye miaka ya kabla yake. Homoni ya estrojeni haishuki kwa ngazi. Hupanda na kuporomoka bila ratiba, na mwili hufuata: joto la ghafla linaloanzia kifuani, jasho la usiku, moyo kwenda mbio, usingizi wa vipande vipande, kusahau jina la mtu uliyesoma naye. Mtu asiyelala anakuwa mkali. Nyumbani husemwa mama ana gubu siku hizi, na yeye mwenyewe anaanza kuamini.

Yapo matibabu, yakiwemo ya homoni kwa wale ambao daktari akiwapima ataona yanawafaa, na yapo mambo madogo yanayosaidia usingizi. Ila mawili yasichezewe. Hedhi ikiwa inaruka miezi, mimba bado inawezekana, na vitindamimba wengi wana mama aliyedhani ameshafunga kazi. Na damu ikirudi baada ya mwaka mzima wa kutokuwepo, hiyo haisubiri ushauri wa shoga. Ni ya kwenda hospitali.

Wanaume hawana mlango kama huo. Testosteroni yao, homoni ya kiume, hupungua polepole, karibu asilimia moja kwa mwaka, na kinachoonekana zaidi ni kitambi, nguvu zisizo za jana, na kuamka usiku kwenda haja ndogo. Hilo la mwisho mara nyingi ni tezi dume iliyokua, na kukua kwake si lazima iwe saratani. Saratani ya tezi dume nayo inaweza kunyamaza muda mrefu, ndiyo sababu ya kuongea na daktari kuhusu kipimo mtu anapokaribia miaka 50, mapema zaidi kama baba au kaka aliugua. Presha vilevile haiumi. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, imepanda, hata kama mwenyewe anajisikia kupanda Mlima Kilimanjaro.

Kuna mahali ambapo mwili wa mzazi na wa mtoto hukutana zahanati. Tangu mwaka 2018 Tanzania inawachanja wasichana dhidi ya virusi vya HPV, vinavyosababisha sehemu kubwa ya saratani ya mlango wa kizazi. Msichana anachanjwa kabla hajaanza mambo ya wakubwa. Mama yake, kama yuko kati ya miaka 30 na 50, ndiye mlengwa wa uchunguzi wa saratani hiyo hiyo, ule ambao muuguzi hutumia siki na dakika chache. Wengi humpeleka binti, wakamsubiri nje kwenye benchi, wakarudi naye nyumbani.

Kijana naye hajaharibika

Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo kabla ya kutenda na kumzuia mtu asirushe maneno, huendelea kukomaa mpaka katikati ya miaka ya 20. Sehemu zinazotafuta raha na msisimko zinakuwa zimeshawaka tangu balehe. Kwa hiyo kijana wa miaka 16 anaweza kukueleza vizuri kabisa hatari ya kupanda bodaboda mishikaki, kisha jioni akaipanda. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Marekani waliwaweka watu wa rika mbalimbali kwenye mchezo wa gari wa kompyuta. Wakiwa peke yao, vijana hawakuachana sana na watu wazima. Wenzao walipokaa pembeni kutazama, vijana waliongeza kujihatarisha, ilhali watu wazima hawakubadilika kiasi hicho. Ukitaka kujua mwanao atafanya nini, swali la kuuliza ni atakuwa na nani.

Halafu kuna usingizi, na hapa nyumba nyingi zinagombana bure. Wakati wa balehe saa ya mwili husogea mbele, na homoni inayoleta usingizi huchelewa kutoka. Kijana anaweza kuwa macho makavu saa tano usiku bila simu wala nini, ingawa simu inamharibia zaidi. Mzazi wa makamo anaelekea upande wa pili: usingizi unamshika mapema, na saa kumi alfajiri yuko macho anahesabu madeni. Mmoja anaitwa mvivu, mwingine anaitwa mnoko. Kwa mwanafunzi wa kutwa Dar es Salaam anayetakiwa awe kituoni gizani kugombea daladala, tatizo ni kubwa kuliko tabia. Hujalitatua kwa kumwagia maji. Unaweza kumsogezea mlo na masomo mapema, ukalaza simu zote sebuleni, yako ikiwemo, na Jumamosi ukamwacha alale.

Mambo ya mwili na mapenzi ni magumu zaidi, kwa sababu mfumo wetu wa zamani haukumpa mzazi kazi hiyo. Pwani binti alikuwa na somo au kungwi wake, mvulana alipelekwa jandoni, na shangazi na mjomba walikuwa na ruhusa ya kusema ambayo mama na baba hawakuwa nayo. Babu na bibi waliongeza kwa utani: babu akimwita mjukuu wake wa kike mke wangu, alikuwa anafungua mlango wa kuulizwa mambo ambayo baba asingeweza kuulizwa. Mjini somo yuko mbali na simu iko mkononi. Mzazi anabaki na kazi ambayo hakuwahi kuiona ikifanywa na mama yake. Sioni aibu yoyote kumtafuta mtu wa kuisema kwa niaba yako, dada yako mdogo, jirani unayemwamini, muuguzi. Kosa ni kukaa kimya ukidhani shule imeshasema.

Kinachobadilika zaidi ni namna ya kuamuru. Mtoto wa miaka 8 unamwambia. Wa miaka 17 unamwambia na kumpa sababu. Wa miaka 24 unamuuliza. Wazazi wengi huhama hatua hizi kwa kuchelewa, tena kwa kusukumwa. Sikiliza mazungumzo ya namna hii:

"Shikamoo mama. Leo nitachelewa, tuna kazi ya kikundi."

"Marahaba. Kikundi kina nani?"

"Wale wale wa darasani."

"Nitajie. Na kikundi kinaisha saa ngapi, ili nijue nianze kuogopa saa ngapi?"

Mama huyo hajakataza wala hajaachia. Ameomba majina na saa, na amesema wazi kwamba ataogopa. Kijana akivuka saa hiyo anajua amevuka nini.

Fedha inaishia wapi

Mtumishi wa umma Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60. Maprofesa na madaktari bingwa huenda hadi 65. Sasa rudi kwenye hesabu. Baba aliyepata mtoto wa mwisho akiwa na 40 atakuwa na miaka 60 mtoto akiingia mwaka wa kwanza chuoni. Mshahara unakoma na ada inaanza. Nimeona familia zinazojua tarehe ya kipaimara cha mtoto miaka miwili kabla, ila mwaka huo wa mgongano hawajawahi kuuandika hata kwenye karatasi.

Shule za serikali zimepunguza mzigo: ada iliondolewa hadi kidato cha nne kuanzia 2016, na kidato cha tano na sita kuanzia 2022. Bado kuna sare, nauli, godoro la bweni, michango isiyo na jina. Chuo kikuu kuna Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2004. Hapa kuna jambo ambalo wazazi hulisahau. Kijana aliyesoma kwa mkopo akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara kuurejesha, juu ya kodi na mchango wa hifadhi ya jamii, kabla hajalipa chumba. Mzazi anaona barua ya ajira na kusema, sasa wewe utabeba wadogo zako. Kijana anaona kilichoingia benki na kunyamaza. Kutoka hapo simu zinaanza kutopokelewa, na mzazi anasema mke amemgeuza.

Dawa yake ni karatasi ya mshahara mezani. Ya kijana na ya mzazi pia. Tumezoea kuficha kipato kwa watoto kana kwamba ni siri ya nchi, kisha tukataka wajue wenyewe kwamba hakuna. Mtoto wa miaka 15 anaweza kuelewa kwamba fedha ya nyumba ni kiasi hiki na bibi yake ana fungu ndani yake. Akielewa, hataacha kuomba viatu, ila ataacha kuamini kwamba unamnyima kwa makusudi.

Kuhusu kiinua mgongo, wengi bado wanapanga kwa kumbukumbu za zamani. Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kilichoanza Julai 2022 kilitoa asilimia 33 ya mafao kwa mkupuo. Mwaka 2024 serikali ilipandisha hadi 40 kwa kundi ambalo zamani lilipata 50, na hadi 35 kwa lile lililokuwa likipata 25. Kinachobaki hulipwa kila mwezi. Kelele zilikuwa nyingi na nyingine zilikuwa za haki, kwa maana mtu alishaahidi mkupuo huo kwa fundi wa kenchi. Ila pensheni ya mwezi ina faida moja: haiwezi kununuliwa daladala ikafia barabarani miezi sita baada ya sherehe ya kuagwa.

Walio nje ya ajira rasmi, ambao ndio wengi, hawana mkupuo wala mwezi. Ila NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, hupokea waliojiajiri, na mifuko ya uwekezaji wa pamoja kama Umoja wa UTT AMIS, taasisi ya serikali, mfuko ulioanza 2005, hupokea fedha ndogo ndogo. Zanzibar tangu 2016 huwalipa pensheni wazee wote waliotimiza 70, wawe waliajiriwa au la. Bara mzee asiye na mfuko ana watoto wake tu. Ndiyo maana mzazi wa makamo anasomesha chini na kutunza juu kwa mshahara mmoja, na ndiyo maana akiba yake mwenyewe, hata ikiwa ndogo, itampunguzia mtoto wake mzigo miaka 20 ijayo. Kusema mtoto ndiye pensheni yangu ni kumkabidhi deni ambalo hakulisaini.

Nyumba isiyoisha watu

Mtoto wa kwetu huweza kuondoka akiwa na miaka 13 kwenda bweni, tena wengine tangu shule ya msingi, na kurudi akiwa na 23 na shahada, bila kazi. Yaani upweke humjia mzazi mapema, mtoto akiwa bado mdogo, na msongamano unakuja baadaye. Anayerudi si yule aliyeondoka. Ana namna yake ya kula, saa zake za kulala, na fikra alizozipata kwa watu usiowajua.

Kumpokea kama mtoto kunamdumaza, na kumpokea kama mpangaji kunamuumiza. Familia ninazoziona zikipita salama ni zile zilizokaa na kupangiana: atafanya nini nyumbani huku akitafuta, nani anamlipia vocha na nauli ya usaili, baada ya muda gani wataongea tena. Biashara ya genge la mama ikipewa kijana mwenye shahada ya uhasibu aiwekee vitabu, mara nyingine inakuwa kazi ya kweli. Mara nyingine anaona aibu na kuondoka kwenda kupanga chumba cha rafiki. Yote mawili ni hatua.

Wanandoa nao hukutana upya, na wengine hugundua kwamba kwa miaka 20 wamekuwa wakizungumza kupitia watoto. Sitaenda mbali hapa. Nitasema tu kwamba wakati mzuri wa kugundua hilo ni mtoto wa mwisho akiwa bado darasa la saba.

Halafu anakuja mjukuu, mara nyingi mapema kuliko picha ya bibi tuliyonayo. Mwanamke wa miaka 45 anaweza kuwa bibi na bado ana kitindamimba cha miaka 9. Kama mama wa mtoto ni binti yake wa shule, sheria za mchezo zilibadilika: Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito warudi darasani, jambo lililokuwa limefungwa kwa miaka. Ruhusa hiyo hutumika nyumbani kabla ya kutumika shuleni. Binti atarudi tu kama kuna mtu wa kubaki na mtoto, na mtu huyo karibu kila mara ni bibi, ambaye ana duka lake, hedhi yake inayoyumba na mama yake mzazi kijijini.

Ni kazi kubwa, na inastahili kujadiliwa kama kazi. Nani ananunua maziwa. Siku ya kliniki nani anafunga shughuli zake. Familia ya mvulana inaleta nini na lini. Binti akirudi kutoka shule saa kumi, mtoto ni wake mpaka asubuhi, au bibi ataamka naye usiku? Na mtoto akianza kusema, atamwita nani mama? Hilo la mwisho linaonekana dogo kwa miezi ya kwanza. Bora walipatie jibu binti akiwepo, kabla mtoto hajajichagulia mwenyewe.